Waranti Yenye Kosa: Je, Ushahidi Hutupwa?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa reli, Njoro)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo limeulizwa mara nyingi hapa stesheni na kule landi. Swali ni hili: askari wakija kupekua nyumba yako, na karatasi yao ya kupekua, ile tunayoiita waranti, ikawa na kosa, je, vitu walivyovipata vinaweza kutumiwa kukufunga?

Tumesikia majibu mawili. Wengine husema, "Waranti ikikosewa hata herufi moja, kesi imekufa." Wengine husema, "Serikali ni serikali, waranti au hakuna waranti ni mamoja." Majibu yote mawili ni ya uongo, na yote mawili yamewaponza watu. Wa kwanza hukaa kimya mahakamani akingoja kosa la karatasi limwokoe. Wa pili hukaa kimya kwa sababu amekata tamaa. Mwisho wote wawili wamekaa kimya, na hakimu hawezi kuamua jambo ambalo hakuambiwa.

Sisi watu wa reli jambo hili latuhusu kuliko wengi. Vyuma ndivyo kazi yetu. Mtu wa gengi hushika nati, bolti na vipande vya reli kutwa, na wakati mwingine nyundo au spana hulala nyumbani kwake kwa kuwa asubuhi anaanzia kazi mbali. Tena tunajua vyuma chakavu vimekuwa mali ya wizi. Mwaka 2022 serikali hata ilipiga marufuku biashara ya vyuma hivyo kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa njia za reli na nguzo za umeme. Chuma cha reli kikipatikana chini ya kitanda chako unaweza kushtakiwa kwa kushika mali ya wizi, na kifungu cha 322 cha sheria ya adhabu kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 14. Mtu aliye na watoto shuleni hapotezi kazi tu hapo. Hupoteza nyumba ya kampuni, na malipo ya uzeeni huingia mashakani.

Kwanza tujue waranti ni kitu gani. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 118, yasema kwamba mahakama ikionyeshwa kwa kiapo kuwa kitu fulani kinachohusu kosa kiko mahali fulani, inaweza kuandika amri ya kumruhusu askari kupekua mahali hapo na kukichukua kitu hicho. Kifungu cha 119 chaongeza kwamba upekuzi ufanywe kati ya kuchomoza na kuchwa kwa jua, isipokuwa mahakama yenyewe imeruhusu saa nyingine. Na mwanamke akihitaji kupekuliwa mwilini, apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa heshima.

Basi makosa huweza kuingia mahali pengi. Jina limeandikwa vibaya. Nambari ya nyumba ni ya jirani. Tarehe haipo. Karatasi yataja redio, lakini wamechukua baiskeli. Waliruhusiwa mchana, wakaja saa tisa za usiku. Au karatasi haikutiwa sahihi na hakimu yeyote. Au hapakuwa na karatasi kabisa.

Sasa sheria hufanya nini na makosa hayo? Ili kulijibu lazima turudi nyuma, maana kesi kubwa kuliko zote katika jambo hili ilitoka hapa kwetu Kenya, na mpaka leo wanasheria wa Uingereza na wa nchi nyingi huisoma.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wazee wetu waliokuwa katika mashamba ya Njoro, Elburgon na Molo waliujua upekuzi wa siku hizo, usiku na mchana. Moja ya kanuni za Hali ya Hatari ilisema mtu akipatikana na risasi bila ruhusa anaweza kunyongwa. Kanuni nyingine iliwapa polisi uwezo wa kumsimamisha mtu na kumpekua bila waranti, lakini iliweka sharti moja: awe afisa wa cheo cha inspekta msaidizi au zaidi. Askari wa chini hakupewa uwezo huo.

Palikuwa na mtu jina lake Kuruma mwana wa Kaniu, mfanyakazi wa shamba. Siku yake ya mapumziko alipanda baiskeli akaelekea kwao katika rizavu. Njiani palikuwa na kizuizi cha polisi. Ilikuwako njia nyingine isiyokuwa na kizuizi, lakini yeye alishika hii. Alisimamishwa akapekuliwa na askari ambao cheo chao kilikuwa chini ya inspekta msaidizi. Wao walisema walimkuta na risasi mbili na kisu cha mfukoni. Yeye alikana kuwa na risasi hizo.

Tazameni, ndugu, jinsi kesi ilivyokuwa. Kisu kile hakikuletwa mahakamani. Watu watatu walikuwapo wakati wa upekuzi, na hata mmoja hakuitwa kutoa ushahidi. Wazee watatu wa baraza walioketi pamoja na hakimu wote walishauri kwamba hana hatia. Hakimu hakulifuata shauri lao. Akahukumiwa kifo, na Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ikaikataa rufani yake.

Rufani ikavuka bahari mpaka Baraza la Malkia mjini London, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho ya makoloni. Mawakili wake wakasema: askari hawa hawakuwa na cheo cha kupekua, upekuzi ulikuwa kinyume cha sheria, kwa hiyo risasi zisihesabiwe. Tarehe 8 Desemba 1954 hukumu ikatolewa, na aliyeisema ni Lord Goddard, Jaji Mkuu wa Uingereza. Alisema jambo la kuuliza ni moja tu, kama ushahidi unahusu kesi. Ukihusu, hupokelewa, na mahakama haishughuliki na namna ulivyopatikana. Aliacha mlango mdogo: jaji anaweza kuukataa ushahidi kama kuupokea kutamwonea mshtakiwa. Alisema pia kwamba maneno ya kukiri kosa ni jambo jingine, maana hayo lazima yatoke kwa hiari. Rufani ikashindwa. Lakini majaji wenyewe waliona mashaka katika mambo yale ya kisu na mashahidi, wakasema watamjulisha waziri wa makoloni.

Tupime maneno hayo bila hasira. Hoja ya majaji ina nguvu yake. Risasi ni risasi, kosa la askari haliigeuzi kuwa jiwe. Mwizi wa kweli akiachiliwa kwa sababu karani alikosea tarehe, aliyeibiwa naye atasema hakuna haki. Na sisi pia huibiwa. Wizi wa bolti za njia si wizi wa mali tu. Unaweza kuliangusha gari la moshi na kuwaua wenzetu walio ndani.

Walakini hoja hiyo ina shimo katikati yake. Inachukulia kwamba kitu kilikuwapo kweli. Kuruma alisema hakuwa na risasi. Ile kanuni ya cheo haikuwekwa kwa mapambo. Iliwekwa ili mkubwa mwenye jina na dhamana aone kwa macho yake, mtu asije akasingiziwa. Ukiiondoa kanuni, umemwondoa shahidi.

Wale waliosoma katika shule za misheni wanakumbuka habari za Yusufu katika Misri. Kikombe cha fedha kilifichwa katika gunia la Benyamini kwa amri ya Yusufu mwenyewe. Asubuhi msimamizi akapekua magunia kwa utaratibu mzuri, kuanzia la kaka mkubwa mpaka la mdogo, na wote walisimama wakitazama. Kikombe kikapatikana. Kilipatikana kweli, na Benyamini alikuwa hana kosa lolote. Kwa hiyo "kilipatikana" ni neno moja, na "alikiweka yeye" ni neno lingine. Taratibu zote za upekuzi, yaani waranti, kiapo, saa, mashahidi na orodha ya vitu, zimewekwa ili kuyapima maneno hayo mawili.

Hukumu ya Kuruma ilitawala mahakama zetu kwa zaidi ya miaka 50. Katiba ya Uhuru ilikataza watu kupekuliwa ovyo, lakini haikusema ushahidi uliopatikana hivyo ufanywe nini. Mtu aliweza kuambiwa, ndiyo, ulionewa, na hata hivyo nenda jela.

Nchi nyingine zilishika njia nyingine. Katika Marekani, mwaka 1957, polisi wa mji wa Cleveland waliingia kwa nguvu katika nyumba ya mwanamke mmoja, Dollree Mapp, wakimpungia karatasi waliyosema ni waranti. Mahakamani karatasi hiyo haikuonekana kamwe. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya nchi yao iliamua kwamba ushahidi wa namna hiyo usipokelewe katika mahakama za majimbo yote. Lakini hata huko, kosa la waranti si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 1979 wapelelezi wa mji wa Boston walitaka waranti katika kesi ya mauaji. Ilikuwa Jumapili, wakakosa fomu ya kufaa, wakatumia fomu ya kutafutia dawa za kulevya. Jaji akawaambia ataisahihisha, akatia sahihi, lakini maneno ya dawa yakabaki. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ilisema ushahidi upokelewe, kwa kuwa askari walikwenda kwa jaji kwa moyo safi, na kosa lilikuwa la jaji. Basi hata kule huuliza: kosa ni la nani, na lilikuwa la namna gani?

Kwetu jambo lilibadilika tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipotiwa sahihi. Ibara ya 31 yasema kila mtu ana haki ya faragha, pamoja na haki ya kutopekuliwa yeye, nyumba yake au mali yake, na kutonyang'anywa vitu vyake. Na ibara ya 50, sehemu ya 4, yasema, kwa maneno yetu wenyewe, kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za msingi utaondolewa katika kesi kama kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki, au kutaidhuru kazi ya kutoa haki kwa njia nyingine.

Lisikilizeni vizuri lile neno "kama". Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Katiba haikusema ushahidi hutupwa kila mara waranti inapokosewa. Imeweka milango miwili, na lazima upite katika mmoja. Kwanza uonyeshe kwamba haki yako ilivunjwa, si kwamba karani alisahau nukta. Kisha uonyeshe kwamba kuupokea ushahidi huo kutakuonea katika kesi, au kutaiaibisha mahakama yenyewe.

Kwa hiyo sisi twayagawa makosa hivi, tukijua hakimu ndiye mwamuzi. Jina lililokosewa herufi, wakati nyumba ni ile ile na mtu ni yule yule, ni kosa dogo, na halitakuokoa. Nambari ya nyumba nyingine ni kosa zito, maana mahakama iliruhusu nyumba ya fulani, na yako haikuruhusiwa na mtu. Upekuzi wa usiku bila ruhusa ni kosa zito. Karatasi isiyo na sahihi ya hakimu si waranti. Lakini tusidanganyane: ziko hali ambazo sheria humruhusu polisi kuingia bila waranti, kwa mfano anapoamini kwa sababu nzuri kwamba kuchelewa kutapoteza ushahidi. Na kosa lililo baya kuliko yote huwa haliko katika karatasi. Ni upekuzi usio na shahidi wala orodha, kwa sababu hapo hakuna ajuaye kitu kilitoka wapi.

Ndugu, kisu hiki kina makali mawili, na sisi wa chama tusisahau. Kulikuwa na kesi juu ya mkataba wa reli mpya ya kutoka Mombasa mpaka Nairobi, ambayo mmoja wa walioileta alikuwa Okiya Omtatah. Katika kesi hiyo zililetwa barua na karatasi za ndani za serikali. Mahakama Kuu mwaka 2014 iliziondoa kwa kuwa hazikupatikana kwa njia ya halali, na Mahakama ya Juu ilipohukumu mwezi wa Juni 2023 haikuzirudisha. Funzo ni hili. Mwanachama akitoa karatasi katika ofisi ya mkubwa kwa siri ili chama kishinde shauri la mshahara, karatasi hiyo inaweza kutupwa, na yeye akafukuzwa kazi. Tukitaka karatasi ya ofisi ya serikali, tuiombe kwa barua chini ya sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari, ambayo yataka jibu lisipite siku 21. Tukidai polisi wafuate njia, na sisi tuifuate.

Sasa tufanye nini siku askari wanapobisha hodi? Tumeandika mambo sita, na twawaomba mwalimu wa nyumbani, yaani mke au mume, ayajue pia, maana mara nyingi wewe utakuwa kazini.

La kwanza, tuombe kuiona waranti kwa adabu, na tuisome: imetoka mahakama gani, Nakuru au Molo au nyingine, imetiwa sahihi na nani, tarehe gani, nyumba gani, vitu gani. Asiyejua kusoma amwite jirani. Ikiwa na kosa, tuseme wazi, "Bwana afande, hapa pameandikwa nambari nyingine." Lakini tusizuie mlango wala tusigombane. Kumzuia askari kazini ni shtaka jingine, nalo halina kosa la karatasi la kukusaidia.

La pili, tuwaite majirani wawili waingie watazame. La tatu, tuombe wapekue chumba kimoja kimoja, wote mkiwa pamoja, si mmoja jikoni na mwingine chumbani.

La nne, kila kitu kinachochukuliwa kiandikwe. Wenzetu wa Tanzania wana sheria ya mwaka 1985 inayomtaka askari atoe stakabadhi yenye sahihi ya mwenye nyumba na ya mashahidi, na kesi zimevunjika huko kwa kukosa stakabadhi hiyo. Sisi nasi tuidai orodha. Tusitie sahihi tusilolisoma. Ikiandikwa kitu ambacho hukukiona kikitoka nyumbani mwako, andika hapo hapo kwamba hukukubali.

La tano, wakiondoka tu, tuandike katika daftari: saa walizofika, walikuwa wangapi, nambari zao, walianza wapi, nani alikuwapo. Baada ya miezi sita hakuna atakumbuka sawasawa, nasi twajua askari ameandika ya kwake.

La sita, na hili ndilo watu hulisahau. Ukikamatwa una haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, ya kunyamaza, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa saa hizo zikimalizikia siku isiyo ya mahakama. Mwambie wakili wako habari za upekuzi siku ya kwanza. Na mahakamani, kitu kikiletwa kuwekwa kama kielelezo, hapo ndipo pa kusimama na kusema, "Ninapinga, kilichukuliwa kinyume cha haki yangu, na shahidi wangu huyu hapa." Ukingoja mpaka rufani, utaulizwa mbona ulikaa kimya. Kunyamaza polisi ni haki yako, lakini kunyamaza wakati wa kupinga kielelezo ni hasara yako.

Watu watatu walimwona Kuruma akipekuliwa, na hakuna aliyesikiwa. Hilo twaliona zito kuliko cheo cha wale askari. Leo Katiba imetufungulia mlango ambao yeye hakuupata. Lakini mlango huo haufunguki kwa karatasi ya polisi kukosewa tu. Hufunguliwa na jirani aliye tayari kuacha shughuli zake, kupanda matatu mpaka mahakamani, na kusema aliyoyaona.

Kwa hiyo twaleta shauri moja mbele ya mkutano. Kila mstari wa nyumba katika landi uchague watu wawili, mwanamume na mwanamke, ambao wataitwa wakati wowote wa upekuzi, mchana au usiku, kwenda kutazama na kuandika. Chama kinunue madaftari, na siku ambazo mashahidi hao watakwenda mahakamani kiwalipie nauli. Watashuhudia ukweli wote, hata ukiwa ni wa kumwumiza mwanachama aliyeiba, maana shahidi anayeaminika siku moja ni yule anayeaminika siku zote.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba shauri hili lipigiwe kura kabla mkutano haujafungwa.